MAANA YA BIMA, NA HASARA AMBAYO JIRANI HAWEZI KUIBEBA

Watu wengi wa Kitale na Bungoma wamelisikia neno bima, lakini si wote wanaoijua maana yake. Wengine hudhani kwamba ni akiba, kama ile iwekwayo katika benki. Wengine huiona kuwa kamari, na wengine husema kwamba kampuni za bima hupokea fedha za watu wala hazirudishi kitu. Yafaa basi tulieleze jambo hili taratibu, maana asiyelijua aweza kupata hasara kwa njia mbili: kukosa bima siku anapoihitaji, au kununua bima isiyoweza kumsaidia.

Bima ni mapatano. Watu wengi walio katika hatari ya namna moja hutoa kila mmoja fedha kidogo, na fedha hizo hulipwa wale wachache waliofikwa na hatari hiyo. Tuchukue mfano. Tuseme wako wenye maduka 1,000, na kila duka lina mali ya Sh. 200,000. Tuseme tena kwamba kila mwaka maduka 2 huungua. Hasara yote ni Sh. 400,000. Kila mwenye duka akitoa Sh. 400, hasara hiyo italipika. Kampuni huongeza kitu juu ya hesabu hiyo kwa ajili ya mishahara, gharama na faida yake. Yule ambaye duka lake halikuungua hakudhulumiwa. Alichonunua ni kinga ya mwaka mmoja, naye aliipata.

Mchango na mpaka wake

Jambo hili si geni kwetu. Mtu afiwapo, majirani hukusanyika, daftari hufunguliwa, na kila mmoja hutoa alichonacho. Vyama vya akina mama na vya wafanya biashara sokoni hufanya vivyo hivyo mwanachama augupo. Hiyo ni bima isiyokuwa na hati. Nayo hufaulu kwa sababu nyumba moja imepigwa na nyumba hamsini zimesalimika, basi hamsini huweza kuiinua moja.

Lakini iko hatari nyingine, ambayo hupiga nyumba zote kwa msimu mmoja. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia Kenya, wakaonekana kwanza pande za magharibi, wakashambulia mahindi. Katika msimu kama huo mkulima hawezi kumwendea jirani kumwomba gunia, kwa kuwa shamba la jirani nalo limeliwa. Ukame ni vivyo hivyo. Kitale na Bungoma hazitengani mbali, na mvua ikikawia huku, aghalabu hukawia na kule. Chama kilicho imara namna gani hakiwezi kulipa ikiwa wanachama wote wamekuja kuomba siku moja.

Kwa hiyo mfuko wa hasara za namna hii hauna budi kuvuka mpaka wa mvua. Wenye kutoa wawe wa sehemu mbalimbali, ili wa huku wavunapo vizuri, wa kule wasaidiwe. Kampuni za bima nazo hununua bima kwa kampuni kubwa zaidi, nyingi zikiwa ng'ambo, ili hasara ya nchi nzima isiziangushe.

Bima ya mahindi

Mnamo Machi 2016 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilitangaza mpango wa bima ya mazao, ukaanza katika kaunti tatu: Bungoma, Embu na Nakuru. Serikali ilikubali kumlipia mkulima nusu ya malipo. Yafaa kila mkulima aelewe jinsi bima ya namna ile inavyofanya kazi, maana wengi hulalamika kwa kutokuijua.

Katika bima hiyo halipimwi shamba la mtu mmoja, bali hupimwa eneo zima. Wakati wa mavuno wapimaji huchagua mashamba machache katika eneo, huvuna vipande vidogo, hupima uzito, na hivyo hupata wastani. Wastani huo hulinganishwa na ule wa miaka iliyopita. Tuseme kwa kawaida eneo hutoa magunia 16 kwa ekari, na hati ya bima inasema kwamba malipo yataanza mavuno yakipungua chini ya 12. Mwaka huu wastani ni 9. Kila mwenye bima katika eneo lile atalipwa thamani ya magunia 3 kwa ekari, hata ikiwa shamba lake mwenyewe lilistawi.

Faida ya njia hii ni kwamba ni rahisi, kwa kuwa hakuna haja ya kumtuma mkaguzi katika kila shamba la nusu ekari. Tena mtu hawezi kuacha kupalilia makusudi ili alipwe. Kasoro yake ni hii: mvua ya mawe ikiliangukia shamba lako peke yake, na majirani wakavuna vizuri, hutalipwa hata senti moja. Huo si wizi, ndiyo mapatano yenyewe. Hasara hiyo ya mtu mmoja ni kazi ya akiba, ya chama na ya jirani. Basi asiwepo mtu atakayekiacha chama chake kwa kuwa amekata bima, wala atakayeidharau bima kwa kuwa ana chama. Kila kimoja hubeba mzigo ambao kingine hakiwezi.

Hatari ipi ikatiwe bima?

Hasara ndogo zitokeazo mara kwa mara hulipwa kwa akiba. Hasara kubwa zitokeazo kwa nadra, zinazoweza kumwuzisha mtu shamba lake, ndizo za kukatiwa bima. Mwenye pikipiki ya abiria hahitaji bima kwa pancha; lakini akimgonga mtu, gharama yaweza kumzidi. Ndiyo sababu sheria inamlazimisha kuwa na bima ya mtu wa tatu. Lakini ajue kwamba bima hiyo humlipa aliyeumizwa, wala haimlipi mwenyewe pikipiki yake ikivunjika au ikiibwa.

Ugonjwa nao ni hatari kubwa. Mfuko wa bima ya hospitali ulioanzishwa mwaka 1966 uliondolewa, na tangu Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa mapato ya nyumba yake, naye hutakiwa kulipa si chini ya Sh. 300 kwa mwezi. Anayejiandikisha asipolipa asidhani kwamba amepata bima.

Kabla ya kutia sahihi

Kwanza, hakikisheni kwamba kampuni na wakala wake wana leseni ya halmashauri ya Serikali inayosimamia bima. Msimpe wakala fedha bila stakabadhi ya kampuni. Kampuni nazo huanguka: United Insurance mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, ziliwekwa chini ya msimamizi, na wenye bima wengi waliteseka. Uko mfuko wa kuwafidia watu kampuni iangukapo, lakini fidia yake ina kikomo.

Pili, semeni kweli. Mtu akificha ugonjwa au umri wake, kampuni yaweza kukataa kulipa, na watakaoumia ni watoto wake.

Tatu, ulizeni yale yasiyolipwa, na siku ngapi mmepewa za kutoa habari baada ya hasara. Kama hati imeandikwa kwa lugha msiyoielewa, mpeni mtu mnayemwamini awasomee kabla ya kutia sahihi, wala si baada yake.

Nne, lipeni kwa wakati. Muda wa bima ukiisha leo na nyumba ikaungua kesho, miaka kumi ya kulipa haitasaidia. Andikeni siku hiyo katika kalenda ya nyumbani, na mke na mume wote wajue hati imewekwa wapi.