Mbayuwayu wajua majira yao

Wapendwa, mwezi wa tatu na wa nne, mvua inapoendelea kunyesha kwetu Bukavu, inatosha kusimama nyuma ya nyumba, iwe Nguba au Bagira, na kutazama nyaya za umeme. Mbayuwayu wanakusanyika hapo, kisha asubuhi moja hawapo tena. Wanarudi kaskazini, Ulaya na Asia, ambako baridi inaisha, wapate kujenga viota na kuzaa.

Si mbayuwayu wote ni wageni. Yule wa kwetu, akaaye mwaka mzima, ana wekundu unaoshuka toka kooni hadi kifuani, na tumbo la kijivu. Mgeni ana koo jekundu, mkanda mweusi wa kibluu kifuani, na tumbo jeupe. Uzito wake ni gramu 20 hivi. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivalishwa pete mguuni huko Uingereza. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini.

Anajuaje kwamba wakati umefika? Huko Ulaya siku hurefuka na kufupika. Lakini sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Wataalamu waliwahi kufuga ndege wa aina nyingine wanaohama, wakawapa mwanga wa saa 12 bila kubadilisha. Hata hivyo, majira yalipofika, ndege wale walinenepa na kuhangaika usiku, tayari kwa safari. Kalenda imo ndani yao.

Nabii Yeremia, katika 8:7, anawataja ndege wajuao majira yao ili kuwaonya watu wasioijua njia ya Bwana. Neno hilo linatugusa. Wengi wetu tunangoja dalili ya nje: vita viishe, barabara ifunguke, ndipo tusamehe jirani, ndipo tumfungulie mlango aliyekimbia kijiji chake. Mbayuwayu hangoji anga ya Bukavu ibadilike ndipo ajitayarishe. Aliyepewa Neno moyoni angoje nini?

Basi wazazi, tuwaonyeshe watoto ndege hawa, na tuwakataze kuwapiga mawe. Anayeangushwa hapa mwezi wa tatu hatafika kwenye kiota chake. Na aliyefukuzwa kwao, anayelala leo katika nyumba zetu, naye ana kwao. Tumtunze hadi siku ya kurudi.