Usafirishaji wa pikipiki kwenda ng'ambo

Usafirishaji wa pikipiki kwenda ng'ambo ni kazi ya kupeleka pikipiki kutoka nchi moja hadi nyingine kwa meli au ndege, hasa pale mwenyewe anapohamia nchi hiyo ili kuishi, kusoma au kufanya kazi. Kazi hiyo ina sehemu tatu: kufunga na kusafirisha chombo chenyewe, kukitoa forodhani katika nchi kinakokwenda, na kukisajili ili kiruhusiwe kutembea barabarani huko.

Mara nyingi sehemu ya kwanza ndiyo rahisi. Matatizo makubwa hutokea katika sehemu ya pili na ya tatu, kwa sababu kila nchi ina sheria zake kuhusu ushuru, usafi, moshi na usalama wa vyombo vya moto. Pikipiki iliyofika bandarini bila vibali huanza kudaiwa ada ya kuhifadhiwa kila siku. Ikikaa muda mrefu, deni hilo linaweza kupita thamani ya pikipiki, na forodha inaweza kuipiga mnada.

Njia za kusafirisha

Kuna njia tatu zinazotumika zaidi.

- Meli za magari. Meli hizi zina milango mikubwa na njia ya mteremko ambayo vyombo vya moto hupita kuingia na kutoka. Pikipiki huingizwa ikiwa inatembea kwa magurudumu yake, kisha hufungwa sakafuni kwa mikanda. Haihitaji sanduku. Hata hivyo funguo hukabidhiwa kwa wafanyakazi wa bandari na wa meli, na kwa kawaida hairuhusiwi kuweka mizigo mingine juu yake.
- Kontena. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani yenye urefu wa takriban mita 5.9, upana wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39. Mtu anayehama na vyombo vyote vya nyumba anaweza kufunga pikipiki humo pamoja na samani zake. Asiye na mizigo mingi hununua nafasi katika kontena la pamoja, ambalo huchukua mizigo ya watu mbalimbali. Njia hii huchelewa zaidi, kwa sababu wakala husubiri kontena lijae, na baada ya kufika mizigo hutenganishwa ghalani.
- Ndege. Safari huchukua siku chache badala ya majuma, lakini gharama ni kubwa na masharti ya usalama ni makali zaidi.

Jinsi gharama inavyohesabiwa

Nauli ya mzigo haifuati uzito peke yake. Katika kontena la pamoja, wakala hulinganisha ujazo kwa mita za ujazo na uzito kwa tani, kisha hutoza kile kilicho kikubwa. Pikipiki ni nyepesi ikilinganishwa na nafasi inayochukua, kwa hiyo karibu kila mara hulipiwa kwa ujazo.

Katika ndege, njia ya kawaida ni kugawanya ujazo wa sentimita za ujazo kwa 6,000 ili kupata "uzito wa ujazo" kwa kilo. Kwa mfano, sanduku lenye urefu wa sentimita 220, upana wa 90 na kimo cha 120 lina sentimita za ujazo 2,376,000. Ukigawanya kwa 6,000 unapata kilo 396. Hata kama pikipiki na sanduku lake vina uzito wa kilo 230 tu, nauli italipwa kwa kilo 396.

Gurudumu la mbele, vioo vya pembeni na kioo cha kukinga upepo vikiondolewa, na usukani ukigeuzwa, sanduku linaweza kupungua hadi sentimita 190 kwa 80 kwa 110. Hapo uzito wa ujazo unashuka hadi kilo 279 hivi. Hiyo ndiyo sababu mafundi wa kufunga pikipiki hutumia muda mwingi kuzifungua.

Zaidi ya nauli kuna malipo ya wakala wa forodha, kazi za bandari pande zote mbili, sanduku, bima na usafiri wa nchi kavu. Bei inayotajwa na kampuni inaweza kuishia bandarini, kwa hiyo ni muhimu kufahamu kama inajumuisha gharama za upande wa kupokea.

Maandalizi ya pikipiki

Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, pikipiki yenye injini ya petroli ni miongoni mwa mizigo ya hatari, kwa namba ya Umoja wa Mataifa 3166, daraja la 9. Kanuni hizo husimamiwa na Shirika la Kimataifa la Bahari kwa upande wa meli, na kwa upande wa ndege hufuatwa kupitia mwongozo wa IATA. Katika ndege, tangi linapaswa kumwagwa mafuta kadiri inavyowezekana, na yanayobaki yasizidi robo ya tangi. Pikipiki za umeme zina masharti yake, kwa sababu betri za lithiamu zinaweza kushika moto wenye shida kuzimika.

Hatua za kawaida za maandalizi ni hizi:

- kuosha pikipiki yote, pamoja na chini ya matope na kwenye mnyororo;
- kupunguza mafuta na kukagua kama kuna mahali panapovuja;
- kutenganisha waya za betri na kuzikinga zisigusane;
- kupiga picha za kila upande, pamoja na mikwaruzo iliyokuwepo na kilomita zilizoandikwa kwenye mita;
- kuifunga kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, ili ikae wima bila kutegemea stendi.

Mbao za sanduku zina sheria yake. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISPM 15 kinataka mbao za kufungia mizigo zipashwe joto mpaka katikati ya ubao ifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kisha zigongwe muhuri. Sanduku lililotengenezwa kwa mbao zisizo na muhuri huo linaweza kuzuiwa, hata kama pikipiki iliyo ndani haina kasoro.

Hati zinazohitajika

Hati muhimu ni pasipoti ya mwenyewe, kadi ya usajili wa pikipiki, risiti ya ununuzi au hati ya thamani, uthibitisho wa kufuta usajili au kibali cha kuitoa nchini, na hati ya shehena. Hati ya shehena hutolewa na kampuni ya meli. Ni risiti ya mzigo na ndiyo inayompa mtu haki ya kuudai. Kwa ndege hutumika hati ya mzigo wa anga.

Jina na namba lazima vifanane katika hati zote. Namba ya fremu ya pikipiki za kisasa huwa na tarakimu na herufi 17, na kosa la herufi moja linaweza kusimamisha kazi yote forodhani. Ikiwa pikipiki bado ina mkopo, nchi nyingi huhitaji barua ya ridhaa kutoka benki au taasisi iliyokopesha.

Ushuru na msamaha kwa wanaohama

Katika nchi nyingi ushuru huhesabiwa juu ya bei ya chombo pamoja na nauli na bima. Kisha kodi ya ongezeko la thamani huwekwa juu ya jumla hiyo na ushuru wenyewe. Tuseme pikipiki ina thamani ya dola 2,000, nauli ni 600 na bima 40. Msingi wa ushuru ni dola 2,640. Kama ushuru ni asilimia 10, utakuwa 264. Kodi ya asilimia 18 itatozwa juu ya 2,904, nayo ni takriban 523. Jumla ya kodi ni dola 787, karibu asilimia 40 ya thamani ya pikipiki.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi hutoa msamaha kwa mtu anayehamisha makazi. Masharti yake hulenga kumtofautisha mhamaji na mfanyabiashara.

- Umoja wa Ulaya: kwa kanuni namba 1186 ya mwaka 2009, mhamaji anapaswa kuwa ameishi nje ya Umoja kwa miezi 12 mfululizo na kuitumia pikipiki kwa angalau miezi 6 kabla ya kuhama. Kwa kawaida anapaswa kuiingiza ndani ya miezi 12 tangu kuanza makazi, na haruhusiwi kuiuza, kuikodisha wala kuiazimisha kwa miezi 12 baada ya hapo bila kuijulisha forodha na kulipa ushuru.
- Uingereza: kuna utaratibu unaofanana na huo, na maombi hupelekwa kwa mamlaka ya mapato.
- Afrika Mashariki: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, inatoa msamaha kwa chombo kimoja cha moto ambacho mhamaji amekimiliki na kukitumia nje kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu muda wa safari ya meli. Kwa kuwa ni chombo kimoja, anayerudi na gari pamoja na pikipiki hana budi kuuliza mapema.

Mtu anayenunua pikipiki mwezi mmoja kabla ya kuhama kwa kawaida hukosa msamaha huo.

Usafi na wadudu

Australia na New Zealand hukagua vyombo vilivyotumika kwa ukali mkubwa. Udongo, mbegu, majani na wadudu waliokauka kwenye rejeta vinaweza kuleta magonjwa ya mimea na mifugo. Pikipiki chafu huoshwa upya kwa gharama ya mwenyewe, au hurudishwa ilikotoka. Australia pia hudai kibali cha kuingiza chombo kabla hakijapakiwa melini, na imepiga marufuku asbesto tangu tarehe 31 Desemba 2003. Pikipiki za zamani zenye asbesto kwenye breki au gasketi zinaweza kukataliwa.

Usajili

Kutolewa forodhani si ruhusa ya kuendesha. Mamlaka ya usajili huangalia viwango vya moshi, kelele, taa na breki. Pikipiki iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kuhitaji hati ya ulinganifu kutoka kiwandani au kupimwa moja moja. Taa ya mbele ni mfano mzuri: taa ya nchi za kuendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uingereza, huelekeza mwanga upande ambao katika nchi za kuendesha kulia huwapiga machoni wanaokuja.

Nchini Marekani, pikipiki isiyotengenezwa kwa viwango vya usalama vya huko kwa kawaida hairuhusiwi kuingizwa moja kwa moja, isipokuwa imetimiza miaka 25 au zaidi. Kuna njia ya muda kwa mgeni asiye mkazi, lakini mhamaji wa kudumu haihusu.

Bima na hatari za baharini

Bima ya kawaida ya barabarani hailindi pikipiki iliyo melini. Bima ya mizigo ya baharini hununuliwa peke yake, nayo hulinda pia dhidi ya mchango wa hasara ya pamoja. Kwa desturi hiyo ya zamani, nahodha akitoa sehemu ya meli au mizigo kafara, au akiingia gharama ili kuokoa safari, wenye mizigo wote huchangia, hata wale ambao mali yao haikuguswa. Mwaka 2021 meli ya Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi. Hasara ya pamoja ilitangazwa, na wenye mizigo walitakiwa kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa mali zao. Mwaka uliofuata meli ya magari Felicity Ace iliungua na kuzama karibu na visiwa vya Azori ikiwa na magari takriban 4,000.

Kusafirisha au kuuza

Pikipiki ndogo ya bei nafuu mara nyingi haifai kusafirishwa, kwa sababu nauli, ada na kodi hukaribia au kupita bei ya kununua nyingine ugenini. Hesabu hubadilika ikiwa pikipiki ni ya thamani kubwa, ni adimu, imerekebishwa kwa ajili ya mwendeshaji mwenye ulemavu, au kontena la vyombo vya nyumba lina nafasi iliyokwisha kulipiwa. Kwa wote, swali la kwanza la kuuliza si bei ya meli bali ni kama nchi ya kupokea itakubali kuisajili. Jibu hilo hutolewa na mamlaka ya usajili na forodha ya nchi hiyo, na ni vema lipatikane kwa maandishi kabla pikipiki haijafikishwa bandarini.