Kuatamia Biashara Changa za Mazao ya Ziwa

Kuku huatamia mayai yake siku 21. Akiyaacha siku ya tatu, huharibika hata kama yalikuwa mazima. Biashara changa nazo ni hivyo. Kuziatamia maana yake ni kuzipa kwa muda mahali pa kufanyia kazi, vifaa vya pamoja, ushauri wa kitaalamu na njia ya kufika sokoni, hadi zisimame zenyewe.

Katika mialo ya Bukoba na visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Goziba na Ikuza, mazao mengi huondoka yakiwa ghafi. Mabondo ya sangara hukaushwa na kupelekwa China, ambako ni chakula cha thamani kubwa. Ngozi ya sangara inaweza kutengenezwa mikoba na viatu. Dagaa wanaoanikwa chini hushika mchanga na bei hushuka. Wakianikwa juu ya chanja, hufaa kusagwa kuwa unga wa lishe.

Mfano mzuri uko Zanzibar. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kwa miaka mingi waliuza mwani mkavu tu. Ulisafirishwa nje, ukatolewa karajinani, kitu cha kugandisha kinachotiwa katika dawa ya meno na vyakula. Mwaka 2006 ilianzishwa kongano ya mwani, iliyowaweka pamoja wakulima, wafanyabiashara, serikali na watafiti, akiwemo Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Akina mama walijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, wakawa na bidhaa yao wenyewe ya kuuza.

Mwani ule hauoti katika ziwa letu, lakini somo linatuhusu. Sisi wa miradi tukiri kosa: mara nyingi tumetoa semina ya siku tatu, vyeti na mkopo, kisha tukaondoka. Mama anayesaga dagaa hukwama baada ya hapo. Unga unashika unyevu, vifungashio ni hafifu, duka linadai alama ya ubora, na marejesho yanaanza kabla ya mauzo. Deni hubaki kwa familia nzima.

Kwa hiyo tunashauri vikundi:

1. Anzeni na bidhaa moja, mkaiuze kidogo kidogo kabla ya kukopa.
2. Tumieni chanja na mashine za pamoja.
3. Fikeni ofisi ya SIDO, Bukoba. Shirika hili lilianzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, nalo litawaelekeza namna ya kupata alama ya ubora ya TBS.
4. Andikeni kila mauzo na kila hasara.

Nasi tunaowahudumia tupange ratiba ya kuwatembelea baada ya semina, maana hapo ndipo kuatamia kunapoanza.