Gobore, Mauser na Msokoto wa Mtutu

Mkazi wa Mfaranyaki haendi mbali kufika Makumbusho ya Majimaji. Mtaa na makumbusho vyote vimo ndani ya Manispaa ya Songea. Kila Februari 27 mji huu huwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Masimulizi ya Vita vya Majimaji huanza na maji, dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe iliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji. Mimi nataka kuzungumzia risasi zenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya unyonge wa babu zetu ilikuwa ndani ya bomba la chuma, mahali ambapo jicho halifiki.

Wapiganaji wengi wa Kingoni walishika mikuki na ngao. Bunduki walizokuwa nazo nyingi zilikuwa magobore: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia risasi ya mviringo, unashindilia kwa mdeki, unaweka fataki. Mtutu wa gobore ni laini ndani. Risasi hufanywa ndogo kidogo kuliko tundu ili iingie bila taabu, hasa masizi ya baruti yakishajaa. Kwa hiyo inapotoka hugongagonga kuta, na mguso wa mwisho ndio unaoipa mzunguko, mara huku, mara kule. Mwingereza Benjamin Robins alilichunguza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1742: tufe linalozunguka hewani husukumwa upande mmoja. Aliyewahi kuona mpira wa adhabu ukipinda na kuukwepa ukuta wa mabeki katika Uwanja wa Majimaji ameiona fizikia hiyohiyo, ila mpiga mpira huchagua upande, na mwenye gobore hachagui. Adui akiwa mbali zaidi ya mita 80 hivi, kumpata ni bahati.

Mafundi wa Ulaya walilitatua tatizo hili kwa kuchonga mifereji inayojisokota ndani ya mtutu, ili risasi itoke ikizunguka kwa mpango. Msokoto hupimwa kwa urefu: risasi isafiri sentimita ngapi ndani ya mtutu ndipo ikamilishe mzunguko mmoja. Wengi hudhani kadiri msokoto unavyokuwa mkali ndivyo bunduki inavyolenga vizuri. Sivyo. Risasi ya mviringo haina ncha inayoweza kupinduka. Inataka mzunguko wa wastani tu, ili kasoro zake zisielemee upande mmoja. Ukiisokota mno na baruti ikawa nyingi, kitambaa inachofungiwa kabla ya kushindiliwa huteleza, risasi ikapita juu ya mifereji bila kuishika. Ndiyo maana bunduki za akina Hawken wa St. Louis, Marekani, ambazo nazo zilishindiliwa mdomoni, zilikuwa na msokoto mpole wa takribani sm 122.

Risasi ndefu ni shauri jingine kabisa. Hewa huisukuma ncha yake ili ipinduke, na kinachoizuia ni mzunguko wa kasi. Katika majaribio ya mwaka 1857, bunduki ya Joseph Whitworth yenye msokoto wa sm 51 iliishinda vibaya Enfield ya jeshi la Uingereza yenye sm 198, hasa kwa shabaha za mbali. Zote mbili zilikuwa za kushindilia mdomoni. Mwaka 1879 George Greenhill akatoa kanuni ya kupata msokoto unaohitajika, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuitumia: zidisha kipenyo cha risasi kwa 150, kisha gawanya kwa idadi ya vipenyo vinavyoingia katika urefu wake.

Tuijaribu kwa Mauser ya mfano wa 1871, bunduki waliyobeba askari wa Kijerumani. Kipenyo ni mm 11, na urefu wa risasi ni kama mara mbili na nusu ya hapo. Jibu ni sm 66. Kiwanda kilichonga sm 55, yaani kilijiwekea akiba. Risasi ikitoka kwa kasi ya karibu mita 430 kwa sekunde, inazunguka zaidi ya mara 750 katika sekunde hiyo moja. Askari aliyefunzwa aliweza kulenga kwa mita mia kadhaa, akiwa nje kabisa ya uwezo wa gobore, sembuse mkuki.

Mifereji peke yake haikuamua vita. Kulikuwa na bombomu, zilizoua watu wengi Mahenge Agosti 1905, na baadaye njaa, Wajerumani walipochoma mazao na maghala. Njaa hiyo iliua wengi kuliko risasi. Lakini ushujaa wa watu waliozikabili Mauser hauwezi kupimwa sawasawa bila kujua walikuwa wakikabili nini.

Walimu wa fizikia wa Songea, wapelekeni wanafunzi makumbusho na kanuni ya Greenhill mkononi. Na mwenye gobore la urithi ndani asilichezee wala asilifiche: sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka kila bunduki iwe na kibali, hata ya kushindilia.