Kuchagua Kamera ya Dijitali ya Fomati ya Kati kwa Kunakili Maandishi

Karatasi huchakaa na wino hufifia. Mara nyingi ukurasa wa zamani hupigwa picha mara moja tu, kisha hufungiwa kabatini. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa kamera si jambo la fundi peke yake. Unamhusu pia mtafiti atakayeisoma picha hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuchagua kamera ya dijitali ya fomati ya kati, na namna ya kuiboresha baadaye pasipo kupoteza fedha.

Kwanza, tueleze jina lenyewe. Katika enzi ya filamu, picha ya kamera ndogo ilikuwa na milimita 24 kwa 36, na ile ya fomati ya kati ilianzia takriban milimita 42 kwa 56. Kamera za dijitali zimerithi jina, lakini si ukubwa huo daima. Kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, kina takriban milimita 33 kwa 44 katika Hasselblad X1D ya mwaka 2016 na Fujifilm GFX 50S ya mwaka 2017. Eneo hilo ni kama mara 1.7 ya lile la kamera ndogo. Kihisi cha Phase One IQ4 ya mwaka 2018, chenye pikseli milioni 150, ndicho kinachokaribia ukubwa wa filamu, na bei yake hupanda vivyo hivyo.

Pili, yafaa kupima haja. Ukurasa wa A4 una milimita 210 kwa 297. Kamera ya kawaida yenye pikseli 4,000 kwa 6,000 huupatia pikseli 19 kwa kila milimita, yaani zaidi ya 480 kwa inchi. Kwa kunakili maandishi, pikseli 300 hadi 400 kwa inchi hutosha. Lakini ramani ya A1, yenye milimita 594 kwa 841, hupata 170 tu kwa kamera hiyohiyo. Fujifilm GFX 100 ya mwaka 2019, yenye pikseli 8,736 kwa 11,648, huifikisha kwenye 350. Hapo ndipo fomati ya kati inapostahili gharama yake.

Tuchukue mfano wa Vocabulaire de ville de Elisabethville, maandishi ya André Yav ya mwaka 1965, ambayo Johannes Fabian aliyatolea toleo la kitaaluma mwaka 1990. Katika maandishi ya namna hiyo, nafasi kati ya neno na neno ni sehemu ya utafiti. Nafasi ikififia pichani, msomaji hubuni mgawanyo ambao mwandishi hakuuweka. Kinachoilinda nafasi hiyo si wingi wa pikseli tu, bali pia mwanga ulio sawa pande zote, karatasi iliyonyooka, stendi isiyotikisika, na lenzi isiyopinda mistari ya pembeni.

Tatu, kuhusu kuboresha. Mwili wa kamera huzeeka upesi. Lenzi njema hudumu. Basi anayenunua achague kwanza ukoo wa lenzi. Lenzi za GFX 50S huingia katika GFX 100, na zile za X1D huingia katika X2D ya mwaka 2022. Hata mwenye Hasselblad ya filamu hakuachwa: mgongo wa dijitali CFV 100C, uliotoka mwaka 2024, hushikizwa kwenye nyingi za kamera za ukoo wa V zilizotengenezwa tangu mwaka 1957.

Nne, kuna gharama iliyojificha. Picha ghafi ya pikseli milioni 100, ikihifadhiwa bila kubanwa, huchukua karibu megabaiti 200. Kurasa 1,000 ni gigabaiti 200. Na kwa kuwa nakala moja si hifadhi, ni gigabaiti 400. Fedha zikiishia kwenye kamera, picha zitakosa pa kukaa.

Kwa kifupi, utaratibu ni huu: kupima karatasi kubwa kuliko zote katika mkusanyo, kuandaa taa na stendi, kuchagua lenzi, kutenga fedha za hifadhi, na mwisho kuchagua mwili wa kamera. Mkusanyo ukiwa wa kurasa za A4 tu, kamera ya kawaida itaufaa, na fedha zitakazobaki zitatumika kununua diski za kuhifadhia nakala.