Bomba la hewa ya injini: Kulifunika kwafaa lini?

DEREVA aliyekwama kwenye msongamano wa Barabara ya Mombasa saa saba mchana huhisi gari likiwa zito pindi foleni inapoanza kusonga. Hukanyaga mafuta, lakini injini huitikia kwa uvivu.

Mara nyingi lawama huwa ni ya hewa. Gari likisimama, upepo wa kuondoa joto chini ya boneti hukosekana, nayo feni ya rejeta huzidi kusukuma hewa moto nyuma. Joto hilo hupenya hadi kwenye bomba linaloipa injini hewa. Hewa ya nyuzijoto 60 za Selsiasi ni nyepesi kwa takriban asilimia 9 kuliko ile ya nyuzi 30, na oksijeni hupungua vivyo hivyo. Isitoshe, katika injini za petroli, kompyuta huchelewesha cheche ili mafuta yasilipuke ovyo, na nguvu hupungua zaidi.

Hapo ndipo baadhi ya mafundi hushauri bomba lizungushiwe kitambaa cha nyuzi za kioo au karatasi ya alumini. Ushauri huo si wa uongo, ila una mipaka. Bomba la plastiki, ambalo magari mengi hutoka nalo kiwandani, halipitishi joto kwa wepesi. Lile la alumini, wanalopachika wapenda mbio, hushika moto upesi. Hata hivyo, gari likishika kasi, hewa hupita bombani chini ya sekunde moja, isipate nafasi ya kupashwa joto sana. Tena bomba lililofunikwa likishapata moto huchelewa kupoa.

Kwenye magari ya turbo, kosa ni baya zaidi. Hewa itokayo kwenye turbo yaweza kuzidi nyuzi 100, hivyo bomba liipelekalo kwenye kipozeo liachwe wazi. La kufunikwa ni lile litokalo kwenye kipozeo kuelekea injini.

Kabla ya kutoa hata shilingi, afadhali mwenye gari akague mdomo wa bomba. Watengenezaji wengi huuweka mbele, karibu na taa au juu ya rejeta, uvute hewa ya nje. Gari likiwahi kugongwa, huenda kipande hicho kilipasuka au hakikurudishwa, na injini ikawa yavuta hewa moto ya chini ya boneti. Hapo kitambaa hakisaidii kitu. Kinachotakiwa ni kipande chenyewe.

Anayeamua kufunika ahakikishe kitambaa hakishiki moto, hakigusi bomba la moshi wala hakizuii kufunguliwa kwa kichujio cha hewa.