Je, Wajua? Ufaransa Bado Ina Ardhi Jirani na Kanada

Je, wajua kwamba mahali ulipo mji wa Toronto palikuwa na ngome ya Kifaransa, Fort Rouillé, ambayo askari wake wenyewe waliichoma moto mwaka 1759 walipokuwa wakiwakimbia Waingereza? Ngome hiyo ilikuwa sehemu ya Ufaransa Mpya, yaani makoloni ya Wafaransa ya Amerika Kaskazini, ambayo leo yamebakiwa na visiwa vya Saint-Pierre na Miquelon tu, vilivyo kilomita 25 hivi kutoka Newfoundland, ambavyo Mkataba wa Paris wa 1763 uliwaachia Wafaransa ili wavuvi wao wapate pa kuanikia samaki. Wakazi wake, wapatao 6,000, hutumia yuro na huchagua mbunge wao wa Paris, kama wafanyavyo watu wa Mayotte, kisiwa cha Komoro ambacho Ufaransa ilikifanya mkoa wake kamili mwaka 2011, ingawa serikali ya Komoro hukidai hadi leo. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani, kati ya 1920 na 1933, wiski ya Kanada ilipitishwa Saint-Pierre kimagendo, na makasha yake matupu yakawa mengi kiasi cha kujengea nyumba.